Ngozi Yako: Karatasi ya maabara imesema kuna bakteria, mbona sikupewa dawa?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegota pahali pamoja: ngozi yenye ugonjwa wa muda mrefu, bakteria, na dawa za kuwaua. Nimezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Ya kwanza haikuwa ya kungoja foleni ya gazeti. Mwenyewe nilimjibu siku ileile, ila naichapa kwa faida ya wengine.

"Daktari, nina pumu ya ngozi tangu utotoni, kwa hiyo naijua. Safari hii imekuja na sura nyingine. Vipele vidogo vya maji usoni na shingoni, vinauma kuliko kuwasha, na homa juu. Nimeanza kapsuli za antibayotiki, leo siku ya tatu, sioni nafuu. Mume wangu alitokwa na vipele vya homa mdomoni wiki iliyopita. Sijui kama vinahusika." – Msomaji wa kike, miaka 29

Vinahusika sana, dada. Maelezo yako hayaelekei kwenye bakteria. Yanaelekea kwa kirusi cha herpesi, kilekile kilichomtoa mumeo vipele mdomoni, ambacho kwenye ngozi yenye pumu hupata njia na kusambaa haraka. Moritz Kaposi alikwisha kuueleza ugonjwa huu mwaka 1887, na mpaka leo bado watu wanaunyweshea antibayotiki.

Jiangalie kwenye kioo, mwanga ukiwa mzuri. Ukurutu wa kawaida, yaani pumu ya ngozi hiyohiyo, hauna mipaka iliyonyooka. Umekwaruzwa huku, umekauka kule. Vidonda vya herpesi vinafanana: vidogo, vya duara, karibu vyote saizi moja, vimetoboka katikati, vingine na ganda jeusi la damu iliyokauka, vimekaa kwa makundi. Na vinauma. Mgonjwa wa pumu ya ngozi anayelalamika kuwashwa simshangai. Akianza kulalamika maumivu, naacha kalamu na kumtazama upya.

Nenda hospitali leo, si kesho. Dawa yake ni asaiklovia, ya kumeza au ya mshipa ikiwa umezidiwa. Kama kipele kiko kwenye kope au karibu na jicho, au jicho lenyewe ni jekundu, aonekane mtaalamu wa macho siku hiyohiyo, maana kirusi hiki kikigusa kioo cha jicho kinaweza kuacha kovu. Inawezekana pia bakteria wamedandia juu yake, hivyo usishangae ukipewa dawa zote mbili. Ila antibayotiki peke yake hapo haina kazi.

"Mwanangu ana miaka 6. Ukurutu umemkaa mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Nilisisitiza apimwe, wakampitishia usufi kwenye ngozi na kuotesha. Majibu: Staphylococcus aureus, ukuaji mwingi, kisha orodha ndefu ya dawa zenye herufi S na R. Daktari akaisoma, akaikunja, akasema tuendelee na krimu ya steroidi na mafuta. Mimi ninavyoelewa, mdudu akionekana anauawa. Nyumbani nina chupa ya antibayotiki iliyobaki ya kaka yake. Nimpe?" – Mama mwenye karatasi mkononi

Mama, chupa hiyo usimpe. Dawa ya maji ikishachanganywa haidumu zaidi ya wiki moja au mbili, na iliandikwa kwa uzito na ugonjwa wa mtoto mwingine. Hilo tulimalize kwanza, ndipo tuifungue karatasi.

Karatasi haikusema uongo. Bakteria huyo yupo kweli. Lakini kuuliza kama stafilokokasi yupo kwenye ukurutu ni kama kwenda sokoni kuuliza kama kuna watu. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja, alipatikana kwenye sehemu zenye ukurutu kwa wagonjwa kama 70 katika kila 100, na hata kwenye ngozi yao iliyoonekana nzima alikuwepo kwa kama 40. Watu wasio na ugonjwa wowote wa ngozi nao, pengine robo yao, wanamfuga puani bila habari. Kuwepo kwake si kuambukizwa. Usufi unajibu swali la nani anaishi hapo. Hauwezi kujibu swali la nani anafanya vurugu.

Kwa nini anapenda hapo? Ngozi ya mwanao ina mapungufu mawili yanayomfaa. Ukuta wake wa juu unavuja: wagonjwa wengi wana hitilafu kwenye protini iitwayo filagrini, na hata wasiozaliwa nayo, uvimbe wenyewe unaipunguza. Pili, uvimbe wa aina hii unazima kemikali ambazo ngozi hujitengenezea kuua vijidudu. Mlango wazi, mlinzi kalala. Na huyu bakteria akishazidi si mgeni mpole. Ana sumu zinazochokoza kinga ya mwili na vimeng'enya vinavyozidi kuubomoa ukuta, ndiyo maana ukurutu ukiwaka bakteria huongezeka, nao wakiongezeka ukurutu huwaka. Kwa hiyo wazo lako la kumuua si la kijinga hata kidogo. Tatizo ni kwamba ukimuua huku mlango ungali wazi, anarudi. Kabla hata ya mwezi kwisha, mara nyingi.

Daktari wako amechagua kufunga mlango. Krimu ya steroidi haiui bakteria hata mmoja, lakini ikituliza uvimbe ngozi inaanza kujilinda, na idadi ya stafilokokasi inashuka yenyewe. Dawa mpya ya sindano, dupilumabu, iliyoanza kutumika mwaka 2017 kwa pumu ya ngozi kali, imeonyesha jambo hilohilo: si antibayotiki, inaziba tu ishara za uvimbe, na bado stafilokokasi wanapungua.

Uingereza waliujaribu wasiwasi wako kwa watoto. Walichukua watoto 113 wenye ukurutu ulioonekana kuingiwa na bakteria, ila si kwa ukali, wakawagawa: wengine flukloksasilini ya kunywa, wengine krimu ya asidi ya fusidiki, wengine dawa bandia. Wote walipewa steroidi ya kupaka na mafuta ya kulainisha. Matokeo yalitoka 2017: antibayotiki haikuongeza faida ya maana. Mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ukafuata njia hiyo: mtoto asiyeumwa mwili mzima asipewe antibayotiki kwa mazoea. Watoto waliokuwa hoi hawakuingizwa kwenye utafiti ule, kwa hiyo usiusome kama ruhusa ya kumwacha mtoto mwenye homa.

Sasa, lini bakteria amegeuka kuwa ugonjwa? Hapa ndipo ninapotaka uwe na jicho kali kuliko maabara. Angalia mkunjo wa kiwiko chake. Magamba makavu meupe yanayopukutika ukisugua, hayo ni ukurutu. Maji yanayochuruzika na kuganda kuwa gamba la rangi ya asali, linalonata na kurudi saa chache baada ya kuliosha, hilo ni jambo jingine. Vipele vyenye usaha, vilevile. Ukurutu uliokuwa umetulia ukawaka ghafla ndani ya siku moja au mbili bila sababu, au uliogoma kabisa krimu iliyokuwa ikiusaidia, ukushtue. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitangazi; unaweza kuwa zambarau, kijivu, au weusi tu uliokolea, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako. Weka kwenye kiwiko kilichochafuka, kisha kwenye paja lake lililo zima. Joto utalisikia. Papasa na tezi za kwapa. Homa, mtoto kunyong'onyea, kukataa kunyonya au kula, uvimbe wenye maumivu unaopanuka: hapo hatuzungumzii krimu tena, mpeleke.

Na herufi zile. S maana yake dawa hiyo ilimzuia bakteria huyo kwenye kisahani cha maabara, R kwamba ilishindwa. S haisemi kwamba mtoto anaihitaji. Nimeona wazazi wakichagua dawa ya juu kabisa kwenye orodha kwa sababu ina S na jina zito.

"Yangu iliingia bakteria kweli: usaha, gamba, homa. Dukani walinishauri amoksilini, kliniki wakanipa flukloksasilini mara 4 kwa siku. Ratiba inanishinda. Kwa nini wasinipe azithromaisini ya siku 3 nikamaliza?" – Mfanyakazi wa zamu

Kwa sababu kliniki walijua wanampiga nani. Adui wetu kwenye pumu ya ngozi ni stafilokokasi, na wengi wao wana kimeng'enya kinachoikata penisilini. Walianza kukionyesha miaka ya 1940, penisilini yenyewe ikiwa bado mpya sokoni. Amoksilini nayo hukatwa vilevile. Unameza, bakteria anaivunja, wewe unabaki na kuhara. Flukloksasilini na ndugu yake kloksasilini ziliumbwa zisikatwe na kimeng'enya hicho, na hazina tamaa ya kuua kila kiumbe tumboni.

Adha yake naikubali. Mara 4 kwa siku, tumbo likiwa tupu, yaani saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Ya maji ina ladha mbaya mno, waulize wazazi. Kwa mtu wa zamu nashauri uzifunge na saa zako za kuamka badala ya saa za ukutani: unapoamka, katikati ya kazi, ukirudi, kabla ya kulala. Ikishindikana kabisa, muulize daktari kuhusu sefaleksini, ambayo nayo humpata stafilokokasi na haibishani na chakula. Kwa kawaida ni siku 5 hadi 7. Azithromaisini tunaiweka pembeni: Shirika la Afya Duniani lilipoyagawa haya madawa makundi mwaka 2017 liliiweka kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu usugu dhidi yake huzuka kwa urahisi, na stafilokokasi wengi wamekwisha kuizoea.

Siku 2 hadi 3 zikipita bila nafuu, au wekundu ukizidi kupanda, rudi. Wakati huo ndio usufi una maana, maana tunatafuta yule stafilokokasi sugu aliyeripotiwa tangu 1961, asiyeuawa hata na flukloksasilini. Kwake tunatumia dawa nyingine, kama klindamaisini, doksisaiklini au kotrimoksazoli, kufuatana na kisahani kinavyosema. Na usiache kupaka steroidi yako kwa kuogopa kwamba "inalisha bakteria". Endelea nayo sambamba na dawa.

"Niliambiwa utotoni nina aleji ya penisilini. Nimeandikiwa klarithromaisini. Mimi pia hutumia simvastatini ya kolesteroli. Ni salama?" – Mzee wa miaka 63

Hapana, mzee wangu, hizo mbili zisikutane. Klarithromaisini inazuia ini kuivunja simvastatini, kiwango chake kinapanda kwenye damu, na misuli inaweza kuharibika. Mpigie aliyekuandikia kabla ya kidonge cha kwanza. Huenda akasimamisha ya kolesteroli kwa siku za matibabu, au akabadilisha antibayotiki.

Na aleji yenyewe: ilikuwaje? Kama ni kuvimba midomo, kukosa pumzi, au vipele vilivyotoka ndani ya saa moja, iheshimu. Kama ni tumbo kuuma, au upele wakati wa surua ambao mama aliusimulia tu, omba ichunguzwe. Wengi mno wanaobeba jina la aleji ya penisilini wakipimwa vizuri hukutwa hawana, na hilo jina huwafungia dawa bora maisha yao yote.

"Kuna krimu moja ina kila kitu: steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi. Nampaka mtoto kila anapowashwa, mwaka wa pili sasa. Zamani ilikuwa inafanya kazi siku moja tu, siku hizi inasuasua." – Bibi yake

Bibi, shikamoo. Hiyo krimu inabidi iachwe, ila kwa mpango wa daktari.

Geuza tyubu usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikupa nafuu ya siku moja. Hizo mbili zilizobaki zilikuwa abiria. Kwa miaka miwili steroidi kali kwenye mikunjo inakondesha ngozi hadi mishipa ionekane. Kuhusu antibayotiki ya kupaka, hata ile nzuri kama asidi ya fusidiki, ikitumika mfululizo inamfundisha stafilokokasi kuishi nayo, ndiyo sababu tunaiweka kwa kidonda kidogo kilichoingiliwa, mara 3 kwa siku kwa siku 5 hadi 7, basi. Na kama tyubu yako ina neomaisini, inawezekana hata mwasho anaoupata sasa unatokana nayo, maana neomaisini ni moja ya dawa za kupaka zinazoongoza kwa kuleta aleji ya ngozi. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaopasua kapsuli na kunyunyiza unga juu ya kidonda. Apelekwe aangaliwe, aandikiwe steroidi ya kiwango cha umri wake, ikiwa peke yake kwenye tyubu. Usimwachishe ghafla bila kuonana na daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi kali kwa muda mrefu inaweza kulipuka inapokatishwa.

"Unasema siku 5 hadi 7. Mimi nina majipu ya kwapani na kinenani yanayojirudia miaka sasa, na daktari kaniandikia doksisaiklini wiki 12. Nani kati yenu anakosea?" – Kijana aliyechoka

Hakuna. Wewe una ugonjwa mwingine, hidradenitisi sapurativa, na jina la "majipu" limekuponza. Jipu la kawaida huletwa na bakteria. Haya yako huanza kwa shimo la unywele kuziba, likavimba, likapasukia ndani chini ya ngozi; mwili ukakasirika, kisha vikazuka vijia vinavyounganisha shimo hili na lile. Ndiyo sababu usaha wake ukioteshwa mara nyingi hautoi mkosaji mmoja wa kumshika. Hukuyapata kwa uchafu, na humwambukizi mtu. Nasema hivi kwa sababu najua ulichokwisha kuambiwa.

Doksisaiklini hapo tunaitumia zaidi kwa kutuliza uvimbe kuliko kwa kuua. Kazi hiyo inataka muda. Imeze ukiwa wima kwa glasi kamili ya maji, usilale mara moja, la sivyo itakuunguza koo, na jihadhari na jua. Ila wiki 12 ni tarehe ya kukaa chini na kupima: majipu mapya yamepungua? Kama la, usikubali kuongezewa wiki 12 nyingine kimyakimya. Ngazi inayofuata mara nyingi huwa klindamaisini pamoja na rifampisini. Hiyo ya pili ni dawa ya kifua kikuu, kwa hiyo ni lazima kuhakikisha huna kifua kikuu kabla ya kuianza, maana kuitumia bila wenzake kwa mgonjwa wa TB kunazalisha TB sugu. Itageuza mkojo na machozi kuwa rangi ya machungwa, usitishike. Pia inadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango kwa mwanamke anayeimeza. Na tangu 2015 kuna adalimumabu, sindano ya kuzuia uvimbe iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu. Ni ghali, lakini ujue ipo, ili uiulizie. Ukivuta sigara, acha. Haitaponya, lakini ugonjwa huu na sigara wanaongozana mno.

"Nina soriasisi, mabaka makubwa yenye magamba. Mbona yangu hayaingii bakteria kama ya wenzangu wa pumu ya ngozi?" – Mdadisi

Kwa sababu ngozi yako inafanya kinyume. Uvimbe wa soriasisi unazifungulia zile kemikali za kuua vijidudu badala ya kuzizima. Mabaka yako yamejaa silaha. Jihadhari na koo tu. Streptokokasi wa tonsili anaweza kukuletea mvua ya vidoa vidogo vya soriasisi wiki mbili tatu baadaye.

"Mtoto amemaliza dawa, amepona. Nifanye nini asirudie?" – Baba

Anza na kopo la mafuta. Vidole vilivyojikuna jana ndivyo vilivyochovya ndani yake leo. Lililokuwa likitumika wakati wa maambukizi litupe, na tyubu zilizofunguliwa pia. Jipya lichotwe kwa kijiko safi, au nunua lenye pampu. Mafuta kila siku, hata ngozi ikiwa imetulia. Mwulize daktari kama steroidi inaweza kupakwa siku 2 kwa wiki kwenye sehemu zilezile zinazopenda kuwaka. Kucha fupi. Taulo lake peke yake. Maji ya kuoga yenye klorini hafifu husaidia baadhi ya watoto, lakini usijipimie mwenyewe, kipimo kikizidi unachoma ngozi. Na kwa kuwa mafuta mengi ya kulainisha yanashika moto yakilowa kwenye nguo na mashuka, mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko.